Damu ya Mlimani na Damu ya Nyikani

Mnazi ni kijiji cha wilaya ya Lushoto, walakini mtu aliyezoea kuisikia sifa ya Lushoto, yaani ukungu wake, baridi yake na bustani zake za mboga, akifika Mnazi hatasadiki upesi kuwa yumo katika wilaya ile ile. Kijiji hiki kiko chini, upande wa kaskazini wa milima ya Usambara, pale ambapo genge la mlima linakoma na nyika inaanza, ikanyooka kuelekea mto Umba na mpaka wa Kenya. Jua lake ni kali na usiku wake ni wa joto. Mtu akiinua uso hapo huuona mlima umesimama kama ukuta. Na juu ya ukuta huo, njia ya Mlalo ikisha kupandwa, watu huvaa makoti na kuota moto. Mji wa Lushoto wenyewe uko juu ya bahari kiasi cha mita 1,400. Mwendo usiotimia siku moja humtoa mtu katika hewa moja na kumtia katika nyingine.

Habari ya insha hii ni tofauti hiyo ya hewa, na jinsi ilivyoandikwa katika damu ya watu. Tunataka kueleza maisha ya mtaalamu mmoja aliyeulizwa fumbo na damu ya Afrika Mashariki, akalifumbua kwa kulinganisha watu wa milimani na watu wa mabondeni. Jina lake ni Anthony Allison. Hatusemi kwamba alipiga kambi Mnazi. Twasema kwamba asimamaye Mnazi na kutazama juu anakiona kwa macho yake kitabu alichokisoma Allison.

Wasambaa walikuwa na maarifa yao juu ya jambo hili zamani sana. Nchi yao ya juu waliiita Shambaai, na nchi ya chini waliiita nyika. Vijiji vingi walivijenga juu, karibu na ukingo wa mlima, ili waweze kulima huku na huku bila kukaa daima katika hewa ya chini. Nyika ilikuwa na ardhi, na wanyama, na njia za biashara. Lakini ilikuwa na homa. Mtu alishuka kwa haja, akapanda kwa hekima.

Katika miaka ya 1897 na 1898 tabibu mkubwa wa Kijerumani, Robert Koch, alikuwa katika nchi hii iliyokuwa wakati huo koloni la Wajerumani. Aliandika kuwa watu wa milima ya Usambara, ambao kwao homa ilikuwa nadra, wakiteremka nchi ya chini huugua. Na kwamba ugonjwa huo wanauita mbu, jina lile lile la mdudu, kwa kuwa wanasema mdudu huyo akimuuma mtu ndipo homa inapompata. Msomaji na apime miaka. Ronald Ross alikiona kimelea cha malaria ndani ya tumbo la mbu huko Secunderabad, Bara Hindi, tarehe 20 Agosti 1897. Habari iliyokuwa bado changa katika vyumba vya wataalamu ilikuwa neno la kila siku katika vinywa vya watu wa Usambara. Wahenga wamesema, hakuna masika yasiyo na mbu. Wasambaa waliongeza kwamba hakuna mbu asiye na lake jambo.

Wataalamu wa siku za karibuni wamekuja kulipima jambo hilo kwa hesabu. Utafiti uliofanywa katika vijiji sita vya Usambara, ukachapishwa mwaka 2003, ulilinganisha vijiji vilivyo kati ya mita 300 na mita 1,650 juu ya bahari. Ulionyesha kuwa uambukizaji wa malaria hupungua zaidi ya mara 1,000 kutoka chini hadi juu. Mbu wenyewe hupungua mtu anavyopanda. Na katika miezi ya baridi kimelea hakiwahi kukomaa ndani ya mbu kabla mbu hajafa. Hivyo baridi imewalinda watu wa juu kuliko ngome yoyote.

Basi watu wa nyikani walilindwa na nini? Swali hili ndilo mlango wa habari yetu.

Katika damu ya mwanadamu mna chembe nyekundu zisizohesabika, za mviringo na laini, zipitazo hata katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele. Ndani yake mna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho huichukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuigawa mwilini. Kuna watu ambao hemoglobini yao ina hitilafu. Oksijeni ikipungua, hemoglobini hiyo hushikamana ikawa vijiti, na chembe hupinda mfano wa mundu wa kukatia majani. Chembe zilizopinda huziba mishipa; mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, vidole vyake huvimba, na macho yake huwa ya manjano. Tena chembe hizo hufa mapema, na mtoto hubaki na upungufu wa damu. Siku hizi ugonjwa huu unaitwa selimundu.

Mtu wa kwanza kuueleza ugonjwa huu katika maandishi ya utabibu alikuwa James Herrick wa Chicago, mwaka 1910, alipoiona damu ya kijana mmoja mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walithibitisha kuwa kasoro imo katika hemoglobini yenyewe. Mwaka huo huo ilidhihirika pia namna unavyorithiwa. Kila mtu hupokea urithi wa hemoglobini kwa baba na kwa mama. Aliyepokea hitilafu kwa mzazi mmoja tu ni mbebaji, na aghalabu huishi maisha yake yote akiwa mzima. Aliyeipokea kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa.

Hapo ndipo fumbo lilipozuka. Zamani watoto wenye selimundu walikufa karibu wote kabla ya kuoa au kuolewa. Kila aliyekufa alikwenda kaburini na hitilafu mbili. Kwa hesabu hiyo, urithi huu ungalipungua kizazi baada ya kizazi hata ukatoweka. Lakini haukutoweka. Katika sehemu fulani za Afrika mtu mmoja katika watatu alikuwa mbebaji. Kitu kinachoua watoto kimedumuje hivyo?

Anthony Clifford Allison alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925, akalelewa Kenya katika shamba la wazazi wake karibu na Gilgil, katika Bonde la Ufa. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha Oxford. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, alifuatana na msafara wa Oxford uliokwenda Mlima Kenya, na kazi yake ilikuwa kukusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Alipozichunguza aliona jambo la ajabu. Miongoni mwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, wabebaji walizidi 20 katika kila watu 100. Miongoni mwa watu wa nchi za juu zenye baridi, na wa nchi kavu, hawakufika hata mmoja katika 100.

Mtu mwingine angalisema kuwa tofauti hiyo ni ya kabila. Allison alitazama ramani. Aliona kuwa jamaa za lugha moja wametofautiana kwa sababu ya makao, na watu wa lugha mbalimbali wamefanana kwa sababu ya makao. Kilichowaunganisha wenye mundu mwingi kilikuwa malaria. Akafikiri: huenda mbebaji, mwenye hitilafu moja tu, ana kinga dhidi ya malaria, naye akiishi kuliko wengine, watoto wake watazidi, na hitilafu itadumu, ijapokuwa baadhi yao watakufa kwa selimundu.

Si yeye peke yake aliyekuwa akilipapasa jambo hili. Tabibu E. A. Beet, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, alikuwa ameandika mwaka 1946 kwamba wenye chembe za mundu walionekana na malaria kidogo kuliko wengine. Naye J. B. S. Haldane wa Uingereza alikuwa ametoa dhana ya namna hiyo juu ya ugonjwa mwingine wa damu katika nchi za Bahari ya Kati. Lakini dhana ni mbegu, na mbegu isiyopandwa haina mavuno. Allison aliingoja shahada yake ya utabibu, akaipata mwaka 1952, na mwaka uliofuata akarudi Afrika Mashariki kupanda mbegu yake.

Katika Uganda, karibu na Kampala, aliwapima watoto 290 wa Kiganda. Miongoni mwao 43 walikuwa wabebaji, na 12 kati yao, yaani 28 katika 100, walikutwa na vimelea vya malaria. Miongoni mwa 247 waliobaki, waliokutwa navyo walikuwa 113, yaani 46 katika 100. Kisha Nairobi alitafuta Waluo 30 waliojitolea, 15 wabebaji na 15 wasio wabebaji, wakaambukizwa malaria kwa makusudi, na baadaye wakatibiwa. Miongoni mwa wabebaji, walioshikwa walikuwa wawili tu. Miongoni mwa wengine, walioshikwa walikuwa 14. Tatu, aliipima damu ya watu karibu 5,000 wa makabila mengi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, akaona mundu na malaria vinafuatana kama kivuli na mwili. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1954.

Hapa inatupasa tutulie kidogo. Watu wale 30 wa Nairobi waliitia miili yao hatarini kwa ajili ya maarifa ambayo leo yamo katika vitabu vya shule duniani kote. Majina yao hayakutiwa katika vitabu hivyo. Walikuwa raia wa koloni, wakiombwa na tabibu wa Kizungu, na hatuwezi kudhani kuwa katika hali ile neno la kukubali lilikuwa na uzito lilio nao leo. Siku hizi jaribio la namna ile lisingeruhusiwa kabla ya baraza la maadili kulichunguza. Twasema haya si kwa kumvunjia mtaalamu heshima yake, bali kwa kuwapa heshima yao wale ambao bila wao asingelijua alilolijua.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwa msomaji asiye tabibu ulipatikana Musoma, nchini Tanganyika, ukachapishwa mwaka 1956. Watoto wachanga 287 walipimwa: 189 hawakuwa na hitilafu, 89 walikuwa wabebaji, na 9 walikuwa wagonjwa. Kisha watu wazima 654 wa nchi ile ile walipimwa: 400 hawakuwa na hitilafu, 249 walikuwa wabebaji, na 5 tu walikuwa wagonjwa. Kwa mia, wabebaji ni 31 utotoni, na 38 utu uzimani. Wagonjwa ni watatu utotoni, na utu uzimani hawatimii hata mmoja. Mbebaji hakuzaliwa zaidi mtu akishakuwa mzima. Wenzake ndio waliopungua. Kati ya orodha ya kwanza na ya pili yamo makaburi ya aina mbili: ya watoto waliouawa na selimundu, na ya watoto waliouawa na malaria.

Hiyo ndiyo maana ya mundu. Nchi ya mbu ilidai kodi, na kila ukoo uliilipa kwa njia moja au nyingine. Mtoto mgonjwa hakuadhibiwa kwa kosa la mtu. Yeye alibeba peke yake gharama ya kinga iliyowalinda nduguze na mababu zake. Nalo jambo hili halina ubishi: hitilafu hutoka kwa baba kama itokavyo kwa mama. Ni wanawake wangapi waliofukuzwa majumbani, au waliotajwa kwa uchawi, kwa sababu watoto wao walikufa mmoja baada ya mmoja kwa maumivu yasiyojulikana? Hesabu ya Musoma ni jibu kwa waliowahukumu.

Wataalamu wengine hawakumkubali Allison mara moja. Baadhi walipima vimelea katika watu wazima wasione tofauti. Ilichukua muda kufahamika kuwa kinga hii hufanya kazi hasa kwa watoto wadogo, kabla miili yao haijazoea malaria, na hasa dhidi ya malaria kali iuayo. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa mbebaji hukingwa na malaria kali kwa kiasi cha karibu sehemu tisa katika kumi. Wakati huo huo kasoro yenyewe ilikuwa imekwisha kutafutwa hadi mzizi wake. Mwaka 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, alionyesha kuwa hemoglobini ya mundu inatofautiana na ya kawaida kwa kiungo kimoja tu. Leo twajua kuwa ni kiungo cha sita katika mnyororo wenye viungo 146.

Lakini kinga hutendaje kazi? Mmoja wa waliolishughulikia swali hili ni Lucio Luzzatto, Mtaliani aliyefundisha Ibadan, Nigeria. Mwaka 1970 yeye na wenzake walionyesha kuwa katika damu ya mbebaji, chembe iliyoingiliwa na kimelea hupinda upesi kuliko chembe nyingine. Chembe iliyopinda huondolewa na wengu, na kimelea huangamia pamoja nayo. Luzzatto aliendelea katika maisha marefu ya utafiti, akichunguza magonjwa yaanziayo katika seli shina za uboho. Na katika uzee wake alikuja kuwa profesa wa magonjwa ya damu katika Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili, Dar es Salaam.

Tumetaja seli shina, na inafaa tueleze. Chembe nyekundu ya mtu mzima wa afya huishi yapata siku 120, kisha hufa. Mwili hauishiwi damu kwa kuwa ndani ya mifupa, katika uboho, ambao hospitalini siku hizi huitwa uloto, zimo seli chache zenye uwezo wa kuzaa chembe za damu za kila namna, na kujizaa zenyewe pia. Hizo ni kama shina la mgomba: majani huanguka, shina huchipua. James Till na Ernest McCulloch, huko Toronto, ndio waliothibitisha kuwapo kwake kwa majaribio yaliyochapishwa mwaka 1961. Maana yake kwa selimundu ni dhahiri. Kasoro haimo katika chembe iliyopinda peke yake. Imo katika shina linaloizaa. Shina likibadilishwa, damu yote hubadilika.

Allison mwenyewe aliendelea mbele. Alifanya kazi London, kisha akarudi Nairobi katika miaka ya 1970 kuongoza maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, na baadaye akahamia California. Huko, pamoja na mkewe Elsie Eugui, alivumbua matumizi ya dawa iitwayo mycophenolate mofetil, ambayo huuzuia mwili wa mtu usikikatae kiungo alichopandikizwa. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1995, na imewasaidia wengi waliopandikizwa figo. Alifariki mwaka 2014.

Fumbo limefumbuliwa, walakini kufumbua si kuponya. Inakadiriwa kuwa katika Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye selimundu. Alalaye na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake, na kazi ya kuwalea watoto hawa imeshikwa na wenyeji. Daktari Julie Makani, Mtanzania aliyesoma Muhimbili na kuendelea Uingereza, alianza mwaka 2004 kuwaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu katika Muhimbili, hata kundi hilo likawa miongoni mwa makubwa yanayofuatiliwa mahali pamoja duniani. Matokeo aliyoyachapisha na wenzake mwaka 2011, kutokana na wagonjwa 1,725, yalionyesha kuwa vifo vimezidi kwa watoto wasiotimia miaka mitano. Walionyesha pia jambo la kutisha: mgonjwa wa selimundu huonekana na malaria mara chache, lakini akiipata, yumo hatarini kuliko wengine. Kodi ile mgonjwa huilipa mara mbili.

Dawa zipo. Mtoto akipimwa angali mchanga, akapewa penisilini, chanjo na kinga ya malaria, maisha yake hurefuka. Dawa ya haidroksiyurea, ambayo ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na matokeo yakatangazwa mwaka 2019, hupunguza maumivu na vifo. Kupandikizwa uloto wa ndugu kunaweza kuponya kabisa, na tangu mwaka 2023 kazi hiyo imefanywa Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mwishoni mwa mwaka huo huo Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ambayo seli shina za mgonjwa hutolewa, vinasaba vyake hurekebishwa, kisha hurudishwa mwilini. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja. Koch alisikiliza neno la Wasambaa akaliandika. Allison alikusanya damu za pwani, za ziwa na za milima, akaipa dunia mfano ulio wazi kuliko yote wa jinsi nchi inavyomfinyanga mwanadamu. Wenyeji walitoa neno, wakatoa damu, na wale 30 wa Nairobi walitoa afya yao kwa muda. Kupona bado hakujawafikia wote sawasawa. Sisi tunaosoma habari hizi hatuna milioni za dola; lakini tone la damu la mtoto mchanga, likipimwa mapema katika zahanati ya kijiji, halihitaji milioni. Mlima ulikwisha kutufundisha kuwa homa ya nyika haiepukiki kwa kuikana. Mama wa Mnazi ambaye mtoto wake analia usiku kwa maumivu ya mifupa anastahili kuambiwa asubuhi jina la ugonjwa huo, na kuambiwa kuwa si yeye aliyeuleta.